Sikio la Mashine: Habari za Maikrofoni Ndogo ya Kunasia Ala za Muziki

Mtu apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto hufuata barabara yenye kona nyingi, na afikapo Soni huweza kuyasikia maporomoko ya maji kando ya njia. Siku ya gulio sauti za watu na magari huongezeka juu ya ngurumo ya maji. Tuseme basi kwamba mahali kama hapa mzee mmoja ameketi na zeze lake, na vijana wamesimama na ngoma za mdumange, nasi tunataka kuzinasa sauti hizo ili wajukuu wao wazisikie. Tuchukue chombo gani? Swali hili laonekana dogo, lakini ala ikinaswa vibaya, wazawa wa baadaye watadhani kuwa ndivyo ilivyolia. Ili tujibu vema, yatupasa kwanza kujua jinsi mashine ilivyojifunza kusikia.

Mwaka 1877 Bwana Edison wa Marekani alitengeneza fonografu. Siku zile hapakuwa na maikrofoni ya kunasia muziki. Sauti iliingia katika pembe ya bati, ikatikisa kiwambo chembamba, nacho kikaisukuma sindano ichore mfuo. Mwaka 1906 Profesa Karl Weule wa Leipzig alikileta chombo cha namna hiyo kusini mwa nchi yetu, upande wa Lindi na Newala, akanasa nyimbo za wenyeji katika silinda za nta. Lakini nta hulainika kwa joto, na pembe ya bati ilikuwa na masikio mazito: haikuzipata vema sauti nyembamba sana wala nene sana. Ngoma kubwa ilikuwa taabu zaidi, kwa kuwa kishindo chake kiliweza kuirusha sindano, hata mara nyingi iliwekwa mbali au kuachwa kabisa. Ndiyo maana asikilizaye sahani za zamani asidhani kuwa watu wale hawakuwa na ngoma nzito. Ngoma walikuwa nazo. Mashine ndiyo iliyoshindwa.

Mwaka 1916 mtaalamu mmoja wa Marekani, E. C. Wente, wa kampuni ya Western Electric, alibuni maikrofoni ya kondensa. Kazi yake si ngumu kueleza kwa mtu aliyekwisha kuiona ngoma. Kiwambo chembamba sana huwambwa mbele ya bamba la madini, visigusane, na kati yao huwekwa umeme. Sauti ikikitikisa kiwambo, nafasi ile huongezeka na kupungua, na umeme hubadilika vivyo hivyo. Basi maikrofoni hii ni ngoma ndogo ipigwayo na hewa badala ya mkono.

Kuanzia mwaka 1925 makampuni ya sahani yaliacha pembe, yakanasa kwa umeme. Miaka mitatu baadaye, yaani 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenziwe mpaka Bombay kuimba kwa ajili ya sahani za His Master's Voice. Habari za maisha yake ziliandikwa na Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, jirani yetu sisi wa milimani. Mwaka huo huo wa 1928 Georg Neumann alianzisha kampuni yake katika mji wa Berlin, akauza maikrofoni ya kondensa iliyokuwa kubwa kama chupa.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akinasa muziki wa makabila mengi. Desturi yake ilikuwa kuishika maikrofoni mkononi, akiisogeza kwa mpiga huyu na yule kama mpiga picha atafutaye mahali pema pa kusimama. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, ambayo ilitoa sahani zaidi ya 200. Kwake twajifunza neno moja kubwa: mahali maikrofoni iwekwapo huweza kushinda bei yake.

Kisha chombo kikawa kidogo. Mwaka 1966 Neumann walitoa maikrofoni iitwayo KM 84, nyembamba, ya kushikika kwa vidole. Redio ya Norway ilitaka maikrofoni zipate umeme kwa waya ule ule uchukuao sauti, na kwa kuwa studio zao zilikuwa na umeme wa volti 48 kwa taa za dharura, kipimo hicho kikatumika. Hata leo ndicho kipimo cha kawaida duniani.

Sasa turudi Soni. Kwa nini tuchague kondensa yenye kiwambo kidogo? Kwa sababu kiwambo chepesi huitika upesi. Ukucha ukigusa uzi wa zeze, au kiganja kikipiga ngozi, mwanzo ule wa sauti hudumu kwa kitambo kidogo mno. Kiwambo kizito huuchelewa, chepesi huuwahi. Tena chombo kidogo huzisikia sauti zitokazo pembeni bila kuzigeuza sana, jambo lifaalo panapo wapigaji wengi. Upungufu wake ni kwamba huwa na mvumo wake mwenyewe kidogo kupita zile za kiwambo kikubwa. Kwa hiyo penye sauti ya chini sana na tuisogeze karibu.

Ziko za namna mbili za kuchagua. Ya kwanza husikia pande zote. Hiyo hunasa vizuri sauti nene, wala haisumbuliwi sana na upepo, nayo yafaa ndani ya nyumba tulivu. Ya pili husikia zaidi mbele kuliko nyuma. Karibu na maporomoko tutachukua hiyo ya pili, tuuelekeze mgongo wake kwenye maji. Lakini ikisogezwa karibu mno na ngoma huongeza unene usiokuwapo.

Adui mkubwa hapa ni ukungu wa Usambara. Unyevu ukiingia kati ya kiwambo na bamba, umeme huvuja na maikrofoni hutoa mikwaruzo. Tuitunze katika sanduku lililofungwa pamoja na dawa ya kukausha, na tukitoka katika baridi kuingia penye joto, tungoje kabla ya kuiwasha. Mwenye fedha aweza kununua aina ya MKH ya Sennheiser, ambayo kwa namna ya umeme wake huvumilia unyevu vizuri zaidi. Asiye nazo anunue moja ya kadiri, aijue tabia yake.

Kabla ya kununua, na tufanye jaribio moja. Tumnase mzee dakika mbili, kisha tumpe visikizio masikioni, tumwulize: "Mzee wetu, hili ndilo zeze lako?" Akitikisa kichwa kukataa, tusibishane naye kwa vipimo vya kitabuni, tuisogeze maikrofoni, ama tuibadili. Akikubali, tuandike jina lake, kama ameridhia, na la kijiji na mwaka. Hapo ndipo wajukuu watakapomsikia mzee wao kama alivyokuwa.