Gesi ya Tope na Bei ya Jalala

Mitambo inayogeuza tope la majitaka kuwa umeme husifiwa siku hizi kana kwamba ilibuniwa juzi na watu wenye hofu ya mabadiliko ya tabianchi. Historia yake ni ndefu kuliko hivyo, na haina utukufu mwingi. Mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter, Uingereza, alijenga tangi la septiki lililofunikwa, na gesi yake ikawasha taa papo hapo. Miaka miwili baadaye gesi ya namna hiyo ilikusanywa katika makazi ya wagonjwa wa ukoma ya Matunga, Bombay. Teknolojia, basi, ina zaidi ya karne. Kilichoamua wapi itumike na wapi isahaulike, kwa maoni yangu, si uhaba wa nishati bali gharama ya kulitupa tope lenyewe. Penye jalala la bure, gesi haikuwa na mtetezi.

Linganisha London na bonde la Ruhr, Ujerumani. London ilipochoshwa na uvundo wa mto Thames mwaka 1858, Joseph Bazalgette aliijengea mifereji mikuu iliyopeleka uchafu mashariki, hadi Beckton na Crossness. Tangu 1887 meli zilibeba tope la huko na kulimwaga baharini, na kazi hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Ruhr haikuwa na bahari. Ilikuwa na migodi ya makaa ya mawe iliyofanya ardhi ititie, hata mabomba ya majitaka yasiweze kuzikwa, na mto Emscher ukageuka mtaro wa wazi. Miji na migodi ikaunda ushirika mwaka 1899, na mhandisi wake, Karl Imhoff, akabuni tangi la ghorofa mbili: juu maji hutulia, na mashapo huteleza kupitia mwanya hadi chumba cha chini, ambako bakteria wasiohitaji hewa huyala na kutoa gesi. Lengo lilikuwa tope lisinuke, lipungue na likauke upesi. Gesi iliachwa ipande zake angani, katikati ya eneo lililochimba makaa ya mawe usiku na mchana. Ilipofika miaka ya 1920 ndipo matangi yalipofunikwa na kupashwa joto, na gesi ikauzwa kwa viwanda vya gesi vya miji.

Atakayepinga atasema bei ya mafuta ndiyo inayoeleza yote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafuta yalipoadimika, kuna magari ya Kijerumani yaliyoendeshwa kwa gesi ya tope. Vita vilipokwisha na mafuta yakawa rahisi, mitambo mingi ikaichoma gesi hiyo bure kwenye bomba la juu. Ni kweli, lakini tazama kilichobaki: matangi hayakubomolewa. Yaliendelea kula tope kama kawaida, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu mwanzo. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka London yenyewe. Sheria ya Ulaya ya 1991 ilipiga marufuku kumwaga tope baharini kuanzia mwisho wa 1998, na Beckton na Crossness zikajengewa matanuri yanayochoma tope na kuzalisha umeme. Mwaka huo mafuta ghafi yalikuwa ya bei ya chini mno. Tope lilikuwa lilelile na mji uleule. Kilichobadilika ni kwamba bahari ilifungwa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la hesabu. Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett, huko Manchester, walionyesha kwamba tope likipulizwa hewa husafisha majitaka haraka ajabu. Miji mingi ikaifuata njia hiyo, na vipulizio vyake vikawa walaji wakuu wa umeme. Hivyo gesi ya mtambo wa kawaida hulipa sehemu tu ya deni la umeme la mtambo wenyewe. Mtambo wa Strass, Austria, ulivuka mstari huo mwaka 2005 kwa kuzalisha umeme mwingi kuliko uliotumia, na unatajwa mara kwa mara kwa sababu wenzake ni wachache. Anayeahidi kuwasha mji mzima kwa tope anauza ndoto. Hata hivyo, mtambo unaopunguza tope lake na bili yake kwa pamoja una faida ya kutosha.

Afrika Mashariki inaifuata kanuni ileile ya gharama ya kulitupa tope. Nairobi hupeleka sehemu kubwa ya majitaka yake kwenye mabwawa ya Ruai, ambako jua na nafasi hufanya kazi kwa gharama ndogo. Methani, yaani gesi hiyo ya tope, hupotea angani bila mtu kudaiwa. Kampala haina anasa hiyo. Maji ya mfereji wa Nakivubo huingia ghuba ileile ya Ziwa Victoria ambako mji huchota maji ya kunywa, na mtambo wa Bugolobi umejengewa matangi ya gesi na jenereta. Naivasha, ambako wengi hutegemea vyoo vya shimo, kampuni ya Sanivation imechagua njia nyingine: hukausha kinyesi, hukichanganya na taka kavu, na kukiuza kama kuni. Uamuzi huo una mantiki yake, kwani tope lililokaa shimoni miaka kadhaa limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya gesi yake kabla gari la kunyonya halijafika.