Njia Iliyofunguliwa kutoka Bara

Msafiri wa pikipiki atokaye Dar es Salaam hufuata lami kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega hadi Shinyanga. Afikapo Mwigumbi huiacha njia kuu ya Mwanza, akakata kulia kuelekea Nyalikungu, makao ya wilaya ya Maswa. Mbele yake ni Bariadi, kisha Lamadi, karibu na ziwa. Hadi Nyalikungu ni safari ya takriban kilomita 1,000, na mwenye chombo kizima huimaliza kwa siku chache. Lakini wepesi wa mwendo hauondoi ujinga wa kale. Wengi wetu wa pwani na visiwani huingia Usukuma tukiwa na maneno matatu tu vichwani: ng'ombe, pamba na ushamba. Hatujiulizi kati yetu na wao ni nani aliyeanza kumjua mwenzake.

Tuanze na jina lenyewe. Mswahili alisikiapo neno Msukuma, sikio lake humpeleka kwenye kitenzi cha kusukuma, na mizaha ikafuata. Kumbe kwa wenyeji sukuma ni upande wa kaskazini, kama dakama ulivyo upande wa kusini. Wasukuma, basi, ni watu wa kaskazini kwa macho ya jirani yao aliye kusini. Ni jina la njiani: hueleza aliyetamka alisimama wapi, wala halielezi mtu alivyo. Sisi tulilichukua kwa wasafiri tukaligeuza kabila, kisha kabila tukaligeuza kichekesho.

Jambo la pili ni njia yenyewe. Tumezoea kusoma kwamba bara ilifunguliwa kutoka pwani. Ukweli ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilikwisha kushuka pwani na pembe za ndovu, kabla wafanya biashara wa pwani hawajapiga makazi Tabora. Baadaye Wasukuma nao walijaa katika kazi hiyo ya upagazi. Aghlabu walisafiri kiangazi, wakirudi makwao kuwahi msimu wa kulima. Walikaa Bagamoyo wakisubiri mizigo, wakajifunza lugha yetu, bei zetu na hila zetu. Walitusoma sana kuliko tulivyowasoma wao.

Ndipo walipokuja wageni wa kutoka Ulaya, wakipita katika njia ambayo nyayo za wengine zilikwisha kuilainisha. Tarehe 9 Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton, akakata Usukuma kwenda kaskazini. Tarehe 3 Agosti alilitazama ziwa pale Mwanza, akaamini ya kuwa Nile yatoka humo. Pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mdogo, akafikishwa Uhindi, kisha akarejea Unguja. Kitabu kilikuwa cha Speke. Ulimi uliomvusha Speke kati ya watu ulikuwa wa Bombay.

Henry Morton Stanley alifuata. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na watu zaidi ya 200, wengi wao waungwana wa Unguja, wakiichukua mashua Lady Alice vipande vipande mabegani. Mwishoni mwa Februari 1875 walifika Kageyi, ukingoni mwa ziwa, baada ya kuzivuka nyanda za Usukuma. Mto Simiyu, ambao tangu 2012 mkoa umechukua jina lake, Stanley aliuhesabu kuwa chimbuko la kusini kabisa la Nile. Katika kurasa zake alizisifu nyasi za nchi ile, mifugo yake na anga lake. Hata hivyo, mwaka 1878 kitabu kilipotoka, jina lililowekwa jaladani lilikuwa la bara la kiza. Jicho liliona mwanga, soko la London likataka giza.

Wapenzi wa ushairi wana sababu yao ya kuijali nchi hii. Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo yasemwa vilianzishwa na mahasimu wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno ya pamba na nafaka hushindana uwanjani. Kila chama kina ningi wake, yaani malenga, naye hutunga, hujibu na hukejeli mbele ya umati unaoamua mshindi. Aliyelelewa katika majibizano ya Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa angelijua tendo hilo mara moja, hata asipofahamu neno moja. Jamaa zetu katika fani hii wako Maswa na Bariadi, nasi twawaita washamba.

Simaanishi kwamba nchi ile haina aibu zake. Mauaji ya vikongwe waliosingiziwa uchawi, wengine kwa kosa la macho yaliyoiva kwa moshi wa mekoni, yametia doa kubwa Usukuma. Lakini nasi wa visiwani, tuliokuwa na soko la watumwa hadi 1873, hatupendi kutambuliwa kwa aibu hiyo pekee. Mizani iwe moja.

Pikipiki itampitisha mtu Nyalikungu kwa dakika chache. Mpagazi wa kale alikesha, akaomba maji, akauliza jina la mto kabla ya kuuvuka. Asiyeuliza hupita tu.