Maili ya Pili: Wauguzi wa Kusini na Kazi Isiyoagizwa

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi hufika Nanganga, mahali njia ya Ruangwa inapoachana na barabara kuu. Mbele yake iko Ndanda, ambako Wabenediktini walianza kituo mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Ng'ambo ya Masasi, chini ya nyanda za juu za Makonde, iko Lulindi. Huko Dk. Leader Stirling wa UMCA, aliyefika nchini mwaka 1935 na kuwa Waziri wa Afya miaka ya 1975–1980, alianzisha hospitali na kuwafundisha vijana uuguzi. Ndugu hawa si Walutheri, lakini historia yao inatufundisha.

Historia ya hospitali za misheni huandikwa kwa majina ya madaktari. Hata hivyo, usiku wodini ni wa wauguzi. Kanuni humwagiza muuguzi kutoa dawa na kufunga vidonda. Hazimwagizi kuketi na mgonjwa asiye na ndugu, wala kushika zamu ya mwenzake aliyefiwa. Basi, wema huu hutoka wapi?

Mwaka 1988 Mmarekani Dennis Organ aliandika kitabu juu ya msaada wa namna hii kazini. Baadaye Fred Luthans na wenzake walitaja nguvu nne za nafsi: tumaini, kuamini uwezo wako, ustahimilivu, na kutazamia mema. Tafiti zimeonyesha kwamba wenye nguvu hizo husaidia zaidi bila kuamriwa, na kwamba nguvu hizo huweza kukuzwa. Twaona hapa maana ya shule ya uuguzi kijijini: kumkabidhi kijana wagonjwa ni kumwambia kwamba anaweza.

Luther alifundisha mwaka 1520 kwamba Mkristo aliyewekwa huru kwa imani humtumikia jirani bila kutafuta thawabu. Huduma hububujika kutoka katika moyo uliojazwa kwanza.

Hapo ndipo tunapojionya. Katika Mathayo 5:41 maili ya kwanza ndiyo ya kulazimishwa. Ya pili ni ya hiari. Uongozi wa hospitali ya Kanisa unaodai maili ya pili kana kwamba ni haki yake hugeuza karama kuwa shokoa. Mchungaji anayewasifu wauguzi madhabahuni na aulize pia: Je, wamelipwa? Wamepumzika? Nani huwasikiliza wanapolia?