SIKI NA MLANGO WA KIZAZI: Historia fupi kwa mama wa Upareni (Sehemu ya 3)

Jana niliahidi kuwaeleza kwa nini tunapima na siki. Kaa hapo, usikimbie.

Mwaka 1928 daktari Mgiriki aliyekuwa New York, George Papanicolaou, alieleza kwamba seli za mlango wa kizazi zinaonyesha saratani ukiziangalia kwa darubini. Wenzake hawakumjali. Mpaka miaka ya 1940 ndo wakamwelewa, na nchi tajiri zilizopima wanawake wao kwa mpangilio zikaona vifo vinashuka sana.

Sasa jiulize: kipimo kile kinataka maabara, mtaalamu wa kusoma seli, halafu mama arudi kuchukua majibu. Mama wa Vudee au Mbaga ashuke Same mara mbili, nauli mara mbili, shamba limelala? Wengi hawarudi.

Ndo hapo siki ilipotusaidia. Tunapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri dakika moja hivi. Seli zilizobadilika zinageuka nyeupe. Jibu unalipata palepale, na ukifaa kwa tiba mgando, mabadiliko yanaondolewa kabla hayajawa saratani.

Mwaka 1983 timu ya Mjerumani Harald zur Hausen ikapata kirusi aina ya HPV 16 ndani ya saratani hii. Alipewa tuzo ya Nobel 2008. Kumbe si laana, si kurogwa, wala si uchafu wa mwanamke! Ni kirusi cha kujamiiana ambacho wengi wetu tunakipata, na mara nyingi mwili unakiondoa wenyewe. Kikibaki, kinachukua miaka mingi kufika kwenye saratani. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu.

Chanjo ilianza kwa majaribio hapa hapa mkoani Kilimanjaro mwaka 2014, ikaenda nchi nzima 2018. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Lakini wewe mama wa miaka 35, chanjo ilifika umeshapita umri. Binti yako ana sindano, wewe una siki. Usisubiri damu itoke, maana mabadiliko ya awali hayaumi. Na ukiwa unaishi na VVU, wahi zaidi.

Kesho: maswali ya akina baba. Mtumie dada yako hii.