King Majuto: mzee aliyetuchekesha sote, na somo la mkataba alilotuachia

Kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video, iwe Garsen, Hola au Kipini, anajua kwamba filamu ina watu wa aina mbili. Kuna stelingi, ambaye hafi hata akimiminiwa risasi. Halafu kuna wale wengine: baba mkali, mzee bahili, mganga wa uongo, jirani mmbea. Stelingi hubadilika kila filamu. Hawa wa pili sura zao ni zile zile, na mmoja wao akitokeza tu mlangoni ukumbi mzima huanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Wamarekani waliwapa heshima yao mapema. Tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi ilianza kutolewa kwa filamu za mwaka 1936, na mwanamume wa kwanza kuichukua alikuwa Walter Brennan, bingwa wa kuigiza wazee ilhali mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na kidogo tu. Aliichukua tena kwa filamu za 1938 na 1940. Huku kwetu Pwani, anayestahili kutajwa kwa kazi ya namna hiyo ni Amri Athumani wa Tanga, ambaye wengi tulimjua kwa jina la King Majuto au Mzee Majuto.

Kutoka jukwaani hadi kwenye kanda

Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza angali mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo mchekeshaji alikuwa na jukwaa tu. Tanzania Bara haikuwa na runinga mpaka katikati ya miaka ya 1990, kwa hiyo msanii aliishi kwa maonyesho ya usoni kwa watu. Ukikosea, watazamaji wanakuzomea papo hapo. Huko ndiko alikojifunza kukisoma chumba, kujua lini anyamaze na lini atupe neno.

Kanda za video zilipoenea, Majuto alikuwa miongoni mwa wachekeshaji wa mwanzo Tanzania kuingiza vichekesho humo. Kisha zikaja sidii, na katika miaka ya 2000 filamu za Kibongo zikatapakaa Afrika Mashariki yote. Zilivuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, zikafika Mombasa, Malindi na huku Tana. Hazikuhitaji mtu wa kutafsiri. Mpokomo, Muorma, Mbajuni na Mgiriama waliketi benchi moja wakacheka pamoja, kwa sababu Kiswahili cha Tanga kinaeleweka pwani nzima na mzee aliyeigizwa kila mtu alikuwa naye kwao.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa siri yake. Alimwigiza baba anayemwogopa mkewe, mzee anayefukuzia wasichana wadogo, bahili anayeficha senti. Hata filamu ilipouzwa kwa jina lake, hakujifanya kijana wala shujaa. Mwili wake ulikuwa nusu ya kazi: kutembea kwake, kukunja uso, kushtuka. Maneno yalifuata baadaye.

Alipendeza zaidi alipowekwa karibu na kijana. Watu wengi wanamkumbuka akiwa na Hussein Mkiety, Sharo Milionea, aliyeigiza kijana wa mjini mwenye maringo. Mzee wa mtaani na sharobaro, kila mmoja akimwona mwenzake kichekesho. Sharo alifariki katika ajali ya gari wilayani Muheza, mkoa huo huo wa Tanga, tarehe 26 Novemba 2012.

Maradhi na habari ya mikataba

Mwaka 2018 Majuto aliugua sana, akapelekwa India kwa matibabu. Alipokuwa kitandani ndipo jambo lililokuwa likinong'onwa lilisemwa hadharani: kazi zake, yakiwemo matangazo ya biashara, zilikuwa zimewafaidi wengine kuliko yeye. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dkt Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Majuto hakuishi kuona mengi. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na miaka 70, akazikwa kwao Tanga. Mola amrehemu.

Sisi Wakenya tusimnyooshee jirani kidole. Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wa Vitimbi, alituchekesha kwenye KBC kwa miaka mingi. Mwaka 2012 ilibidi wananchi wachange fedha ili atibiwe macho. Alifariki Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu aliyemwigiza Mjaluo vizuri kiasi kwamba wengi hawakujua mpaka mwisho. Kipaji cha namna hiyo hakikumpa uzee wa raha.

Kwa nini hutokea hivi? Mwigizaji wa namna hii hulipwa mara moja, siku ya kupiga picha. Baada ya hapo sidii inauzwa, inanakiliwa, inaonyeshwa kwenye vibanda na runinga, sasa iko YouTube, na kila mmoja anapata chake isipokuwa mwenye sura. Wenzetu Hollywood walipitia hayo hayo. Waliunda chama chao cha waigizaji mwaka 1933, na iliwabidi wagome mwaka 1960 ndipo wakakubaliwa kulipwa filamu zao mpya zinaporudiwa kwenye runinga.

Kwa vijana wetu wa Garsen

Nayaandika haya kwa sababu vijana wetu siku hizi wanarekodi vichekesho kwa simu, na wapo wenye kipaji cha kweli. Kesho atakuja mfanyabiashara aseme, "Mdogo wangu, nifanyie tangazo, tutaelewana." Hapo ndipo pa kusimama. Iandikwe kwenye karatasi: kazi ni ipi, malipo ni kiasi gani na lini, tangazo litatumika kwa muda gani na wapi, na likirudiwa utalipwa nini. Kila upande ubaki na nakala yake. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtambua mwigizaji, si mtunzi peke yake, na kuna KECOBO inayosimamia hakimiliki na vyama vinavyokusanya mirabaha ya wasanii.

Wako watakaosema kudai karatasi ni kukosa adabu kwa mkubwa. Waislamu tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni mbele ya mashahidi. Ikiwa dini yetu inataka deni liandikwe hata baina ya watu wanaoaminiana, kijana anayeomba mkataba hajamvunjia mtu heshima.

Filamu za Majuto bado zinatazamwa, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa anacheza wanamcheka leo. Ukikaa nao, waambie pia alivyomaliza.