Kabla ya Mashine, Kulikuwa na Jamaa wa Saiba

Watu wanaongea kuhusu akili unde na watoto kana kwamba shida ilianza Novemba 2022, ChatGPT ilipotoka. Mtaani tunajua kulikuwa na jamaa wa saiba kwanza.

Mtaala wa CBC ulianza nchi nzima Januari 2019, na kazi za nyumbani zikaja nao: tafuta picha za wanyama, chora ramani, eleza mimea. Mzazi wa Kawangware hana printa. Jioni, akitoka kibarua, anapitia saiba pale 46, anasema mwalimu anataka nini, jamaa anatafuta, anachapisha, analipwa kwa ukurasa. Mtoto anabaki na kazi ya gundi. Septemba 2021 wakili Esther Ang'awa akaupeleka mtaala mahakamani, na nchi ikabishana kuhusu gharama na mzigo kwa wazazi. Lakini je, kichwa cha mtoto kilikuwa kinafanya nini wakati jamaa anatafuta? Hilo halikusikika sana.

Nairobi yenyewe ilikuwa imezoea kufikiria kwa niaba ya wengine. Miaka mingi vijana wa hapa wamewaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao kwa malipo. New York Times waliliandika jambo hilo 2019. Na mashine iliyokuja kuwanyang'anya kazi hiyo ilifundishwa hapa hapa. Samasource, baadaye Sama, iliajiri vijana, wengine wa Kibera, kuwekea picha alama ili kompyuta ijifunze kuona. Kisha wafanyakazi wake wakasomea OpenAI maandishi machafu ajabu, kwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa, kama TIME lilivyofichua Januari 2023. (Kwa hivyo ukiambiwa hii ni teknolojia ya wazungu, cheka kidogo.)

Sasa watoto. Utafiti mmoja wa Uturuki, uliochapishwa 2025, uliwapa karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari mazoezi ya hesabu. Waliotumia GPT-4 ya kawaida walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 wakati wa mazoezi. Iliponyang'anywa, wakaanguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa mashine inayotoa dokezo tu bila jibu, na madhara hayo karibu yaishe. Kwa maoni yangu, sera ya kupiga marufuku inakosa shabaha hapo. KCSE ilishatuonyesha njia: kikokotoo kinaruhusiwa, lakini swali fulani linasema usikitumie.

Tatizo ni sera inaingilia mlango gani. Vishikwambi vya serikali vya 2016 vilienda shule za msingi za umma. Kibera, watoto wengi husoma shule za mabati za makanisa na watu binafsi, na hawakuhesabiwa. Mkakati wa kitaifa wa akili unde wa 2025–2030 ulizinduliwa Machi 2025. Simu ya mama iko nyumbani usiku, na haijui mkakati.

Anayebaki ni mwalimu, asubuhi, akimwambia mtoto: funga daftari, nielezee ulichoandika. Kipindi ni dakika 35. Akiwa na watoto 50, kila mmoja anapata sekunde 42.