Gari la Haibridi au la Dizeli: Gharama na Uimara Vinavyopaswa Kupimwa Kabla ya Kununua

Mwananchi anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani hukabiliwa na uamuzi wa kuchagua kati ya gari la mseto, maarufu kama haibridi, na gari la dizeli. Yote mawili husifiwa kwa kubana mafuta. Hata hivyo, bei ya kununulia na matumizi ya mafuta ni sehemu tu ya gharama ya kumiliki gari. Kila moja lina mfumo mmoja wa gharama kubwa ambao, ukiharibika, unaweza kufuta akiba ya miaka kadhaa. Kwa haibridi ni betri kubwa ya umeme. Kwa dizeli ya kisasa ni mfumo wa kupuliza mafuta pamoja na chujio la masizi. Hali ya mfumo huo, pamoja na mazingira ambamo gari litatumika, ndiyo huamua lipi ni nafuu.

Namna magari hayo yanavyofanya kazi

Haibridi huunganisha injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva anapokanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha nishati katika betri, ambayo hutumika tena gari linapoondoka. Katika foleni injini huzimika yenyewe. Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, ndilo lililoufanya mfumo huu ujulikane duniani. Toyota Aqua, lenye injini ya lita 1.5, lilifuata Desemba 2011 na leo huonekana kwa wingi katika barabara za miji ya Afrika Mashariki.

Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa mgandamizo wa hewa, bila plagi. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli, na injini yake hutoa nguvu kubwa ya kuvuta ikiwa katika mizunguko midogo. Kwa sababu hiyo magari ya mizigo na ya safari ndefu hutumia dizeli.

Kodi hufuata ukubwa wa injini na umri wa gari

Katika Tanzania, gari la abiria linaloingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ushuru wa bidhaa hutegemea ujazo wa injini: asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000. Haibridi nyingi ndogo, ikiwamo Aqua na Prius ya cc 1,800, huangukia kundi la kwanza. Dizeli zinazopendwa zaidi, kama Mazda CX-5 ya lita 2.2 na Toyota Land Cruiser Prado ya lita 2.8, huangukia kundi la pili. Aidha, gari la abiria lenye umri wa miaka minane au zaidi hutozwa ushuru wa ziada. Mnunuzi anashauriwa kutumia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania kilichopo katika tovuti yake kabla ya kumlipa muuzaji.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na tozo hiyo ikahamishiwa katika bei ya mafuta. Maana yake ni kwamba mwenye gari huchangia kwa kila lita anayonunua; anayetumia lita chache huchangia kidogo.

Hesabu ya mafuta

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hesabu ya mmiliki inapaswa kufuata bei hizo. Kwa mfano, tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta ya aina zote mbili, na mwendo wa kilomita 15,000 kwa mwaka ndani ya mji. Haibridi inayokwenda kilomita 20 kwa lita itatumia lita 750, sawa na shilingi 2,250,000. Dizeli inayokwenda kilomita 15 kwa lita itatumia lita 1,000, sawa na shilingi 3,000,000. Tofauti ni shilingi 750,000 kwa mwaka.

Tofauti hiyo isihesabiwe yote kuwa faida. Ikiwa betri mbadala itagharimu shilingi milioni 3 na kutarajiwa kudumu miaka mitano, mmiliki anapaswa kutenga shilingi 600,000 kila mwaka. Kinachobaki ni shilingi 150,000. Mmiliki wa dizeli naye anapaswa kutenga fungu la nozeli, tabochaja na chujio la masizi. Katika barabara kuu, ambako breki hutumika kidogo, haibridi hupoteza sehemu kubwa ya manufaa yake, na pengo la mafuta linaweza kutoweka kabisa.

Uimara wa haibridi

Haibridi za Toyota za aina ya Prius na Aqua hazina klachi, stata wala alteneta ya kawaida, na pedi za breki hudumu zaidi kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo. Utafiti wa taasisi ya Consumer Reports ya Marekani uliotolewa mwaka 2023 ulionesha kuwa haibridi zilikuwa na matatizo machache kwa asilimia 26 kuliko magari ya petroli. Nchini humo, Toyota hutoa dhamana ya betri ya miaka 10 au maili 150,000 kwa magari ya kuanzia toleo la mwaka 2020. Gari lililotumika linaloagizwa kutoka Japani kwa kawaida huja bila dhamana ya aina hiyo.

Adui wa betri ni joto. Feni inayoipoza huvuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mizigo, au chujio lake likijaa vumbi, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Kusafisha sehemu hiyo ni kazi ya gharama ndogo. Nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme wa hatari. Zisiguswe na fundi asiye na mafunzo.

Uimara wa dizeli

Dizeli za zamani zilijijengea sifa ya kudumu kwa sababu zilikuwa na vifaa vichache. Dizeli ya sasa ina pampu ya mgandamizo mkubwa na nozeli zenye matundu membamba sana, ambazo huharibiwa na maji au uchafu katika mafuta. Chujio la masizi hujisafisha kwa kuyachoma masizi injini inapokuwa na joto la kutosha, hasa katika mwendo mrefu. Gari linalokwenda safari fupi za foleni halifikii hali hiyo, na chujio huziba. Kiwango cha salfa katika dizeli ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, ilhali Japani hutumia dizeli ya sehemu 10. Oili isiyo ya daraja lililoelekezwa na mtengenezaji huongeza tatizo hilo.

Mambo ya kuzingatia

Kwa anayeishi mjini na kutumia muda mwingi katika foleni, haibridi yenye betri nzima ni chaguo la unafuu. Kwa anayesafiri mara kwa mara kati ya mikoa, kubeba mzigo au kupita barabara za vumbi, dizeli inafaa zaidi.

Kabla ya malipo, mnunuzi wa haibridi aombe vipimo vya betri vilivyochukuliwa kwa kompyuta, na wa dizeli aombe taarifa ya chujio la masizi na nozeli. Vilevile ajiridhishe kuwa katika eneo lake yupo fundi mwenye vifaa vya kupima mfumo husika, kwa kuwa gari likiharibika mbali na fundi huyo, gharama ya kulivuta huongezwa juu ya gharama ya matengenezo.